Enka inayoteguka kila mara: tuanzie kwenye nyonga (vipimo, mazoezi na makosa)

Fizio wa Magomeni

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa wachezaji, makocha na wote wanaoshughulika na viungo vya wachezaji hapa Dar, kuanzia timu za mchangani mpaka za ligi. Mada ni ile enka iliyoteguka mara ya kwanza, ikapona nusunusu, na sasa inateguka hata mtu akikanyaga ukingo wa lami tu. Ikipita zaidi ya miezi 12 tangu itegukie mara ya kwanza na mchezaji bado anaona enka inalegea ghafla chini yake, au haiamini anapogeuka, hilo si jeraha la juzi tena. Ni tatizo sugu na linataka mpango wake.

Mchezaji wa aina hii akija, wengi wetu tunakimbilia enka yenyewe: soksi ya kubana, tepu, barafu, kusimama mguu mmoja juu ya mto. Vyote vina kazi yake na sivibezi. Lakini mahali unyayo unapotua panaamuliwa juu, kwenye nyonga, na hapo ndipo wengi hawagusi kabisa.

Mtazame mtu anayekimbia ukiwa mbele yake. Kila hatua mwili mzima unapita juu ya mguu mmoja. Misuli ya pembeni ya nyonga ikiwa dhaifu, mguu unaokuja mbele unaingia ndani mno, unakaribia mstari wa katikati ya mwili au kuuvuka kabisa. Ukitua hapo, uzito wa mwili unakuwa upande wa nje wa unyayo. Unyayo unalalia ukingo wake wa nje, kifundo kinapinda, na ligamenti za nje zinavutika. Inayoumia zaidi ni ile ya mbele, inayounganisha mfupa mwembamba wa nje wa muundi na mfupa wa enka. Ukishaichana mara moja inapona ikiwa imelegea, na hisia za kuujulisha ubongo kifundo kimekaaje zinapungua.

Kuna njia ya pili. Mchezaji amesimama mguu mmoja, nyonga haimudu kushika kiuno kikae sawa, basi kiwiliwili kinaegemea upande wa mguu uliosimama ili kisaidie. Kuegemea huko kunapeleka uzito nje ya unyayo vilevile. Ndiyo maana unaweza kuifunga enka vizuri sana na bado mtu akateguka dakika ya 70, nyonga ikishachoka.

Mazoezi ya nyonga hayachukui nafasi ya mazoezi ya enka. Yanakwenda pamoja. Nitaweka vipimo kwanza, halafu hatua tatu za mazoezi. Karibuni mchangie na kusahihisha.

KochaMchangani

Shukrani mkuu. Hivyo vipimo viwe vya kufanyika uwanjani tafadhali. Timu nyingi hazina chochote zaidi ya koni na filimbi.

Fizio wa Magomeni

Sawa kocha. Tepu ya kupimia ya fundi cherehani, chaki na saa ya simu vinatosha.

Kipimo cha kwanza ni kusimama mguu mmoja, pekupeku, mikono kiunoni, macho yamefungwa, sekunde 20. Hesabu makosa: mkono kutoka kiunoni, kufungua macho, kugusa chini kwa mguu mwingine, kisigino au vidole kunyanyuka. Fanya miguu yote miwili, anza na ule mzima ili mchezaji aelewe kinachotakiwa.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini zaidi. Chora mistari mitatu sakafuni kutoka nukta moja: mmoja unakwenda mbele, miwili inakwenda nyuma kwa mshazari, moja kushoto na moja kulia. Kati ya ile miwili ya nyuma kuna pembe ya nyuzi 90, na kati ya kila mmoja wa nyuma na ule wa mbele ni nyuzi 135. Mchezaji anasimama mguu mmoja kwenye nukta, anafikisha mguu mwingine mbali awezavyo juu ya kila mstari, anagusa kidogo bila kuegemeza uzito, anarudi. Mpe majaribio 4 ya kuzoea kila upande, kisha chukua 3 ya kuandika na uhesabu lililokwenda mbali zaidi. Ukiona mstari wa mbele una tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya mguu na mguu, huyo usimpuuze. Ukitaka kulinganisha mchezaji mrefu na mfupi, gawa kwa urefu wa mguu: kutoka kwenye mfupa unaochomoza mbele ya nyonga mpaka ncha ya kifundo cha ndani.

Angalizo: mstari wa mbele unaweza kuwa mfupi kwa sababu enka yenyewe imekakamaa, wala si nyonga. Kwa hiyo ongeza kipimo cha ukutani. Kidole gumba kielekee ukutani, kisigino kisinyanyuke, goti liguse ukuta. Rudisha unyayo nyuma kidogokidogo mpaka mahali ambapo goti linagusa kwa shida, upime kutoka kidole gumba hadi ukuta. Upande mmoja ukipungukiwa zaidi ya sentimita 2, enka inahitaji kulegezwa kabla hujailaumu nyonga.

Cha tatu: asimame juu ya ngazi ya sentimita 20, ashuke polepole kwa mguu mmoja mpaka kisigino cha mwingine kiguse chini. Mpige video ukiwa mbele yake. Goti likiingia ndani, kiuno kikishuka upande mmoja, au bega likiegemea upande wa mguu uliosimama, umepata jibu lako.

Nguvu na Pumzi

Naomba kuongezea namna ya kupima nguvu yenyewe kwa namba, maana jicho hudanganya. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Funga upande mmoja kwenye kitu kisichosogea, mfano mguu wa meza nzito au nondo ya dirisha, upande mwingine kwenye mkanda uliozungushwa juu kidogo ya kifundo. Mchezaji alale chali, miguu imenyooka, mkanda uvute kwa pembeni ukiwa sambamba na sakafu. Asukume mguu nje kwa nguvu yote sekunde 5, apumzike sekunde 30, arudie mara 3. Andika kubwa kuliko zote.

Makosa mawili huharibu kipimo hiki. La kwanza, mkanda kufungwa mahali tofauti kila siku. Ukiusogeza juu kuelekea goti, namba inapanda bila nguvu kuongezeka. La pili, kusukuma kwa kuzungusha kidole nje na kuinua kiuno. Mtu mwingine amshike kiuno.

Halafu msiishie kulinganisha mguu na mguu tu. Kuna wachezaji ambao nyonga zote mbili ni dhaifu, ukilinganisha unaona ziko sawa unafurahi bure. Ndiyo maana namba ya leo inabidi ilinganishwe pia na namba ya mwezi ujao.

Fizio wa Magomeni

Umeniongezea jambo zuri, mkuu.

Sasa hatua ya kwanza, wiki 2 za mwanzo, mazoezi ya chini. Lengo ni kuuamsha msuli sahihi. Weka kidole kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kona ya juu ya nje. Hapo ndipo ulipo msuli tunaoutaka, gluteasi mediasi. Ukisikia moto kwenye mfuko wa mbele, zoezi linafanywa na msuli mwingine, na huo wa mbele mara nyingi una nguvu ya kutosha tayari.

Kuinua mguu ukiwa umelala ubavu. Lala mgongo na makalio yakigusa ukuta. Mguu wa chini ukunje kidogo, wa juu unyooke, kisigino kiguse ukuta. Inua huku kisigino kikiteleza juu ya ukuta bila kuachia, vidole vikitazama mbele au chini kidogo, kamwe visitazame dari. Panda nyuzi kama 30 tu, yaani kisigino kipande kama sentimita 40. Ukizidisha hapo, kinachoinua si nyonga tena, ni msuli wa kiuno unaovuta fupanyonga kuelekea mbavu. Sekunde 2 kupanda, shikilia 2, shuka 3. Seti 3 za marudio 10 kila upande, pumzika sekunde 60. Bila ukuta, karibu kila mtu anapeleka mguu mbele bila kujua, ndipo moto unahamia mfuko wa mbele.

Daraja la mguu mmoja. Lala chali, kunja goti, unyayo chini, mguu mwingine juu. Sukuma kwa kisigino mpaka paja na kiwiliwili vinyooke mstari mmoja. Ukifika juu, muundi uwe wima. Kisigino kikiwa mbali mno, msuli wa nyuma ya paja unakaza na kukamata, kivute karibu. Kiuno kisishuke upande wa mguu ulioinuliwa. Weka kijiti au rula juu ya mifupa miwili ya mbele ya nyonga, kikiinama utaona. Seti 3 za 8.

Planki ya ubavu, yaani kulala ubavu, kuegemea kiwiko na kunyanyua kiuno, ukitumia magoti, seti 3 za sekunde 20, ongeza sekunde 5 kila kipindi mpaka 40. Ukifika, nyoosha miguu. Baada ya hapo inua mguu wa juu. Nyonga ya upande wa chini ndiyo inayofanya kazi kubwa, watu hudhani ni ile ya mguu unaoinuliwa.

Siku 3 kwa wiki, vipindi kamili visifuatane.

Kidongo Chekundu 7

Na lile la kufungua magoti kama chaza ukiwa umelala ubavu? Kila video ya mtandaoni inaanza nalo.

Nguvu na Pumzi

Kwa mchezaji anayekimbia na kuruka, hilo la chaza ni la kupasha misuli moto tu. Mzigo wake ni mdogo na goti limekunjwa muda wote, wakati enka inateguka mguu ukiwa karibu kunyooka na uzito wote uko juu yake. Tatizo la pili, watu wanabingirisha kiuno nyuma ili goti lifunguke zaidi, wanaona wameenda mbali kumbe nyonga haijafanya lolote. Ukilifanya, weka mkono kwenye mfupa wa nyonga, usisogee hata kidogo. Seti 2 za 15 zenye raba (mkanda wa mpira unaovutika), kisha endelea na mazoezi ya maana.

Fizio wa Magomeni

Hapo natofautiana nawe kidogo. Mchezaji ambaye hawezi kabisa kuusikia msuli wa mfuko wa nyuma, chaza humsaidia kuutafuta, na pia linafundisha nyonga kuzungusha paja nje. Mpe wiki moja. Ikiisha wiki hiyo hajahama, hapo nakubaliana nawe kuwa anapoteza muda.

Mama Netiboli

Wataalamu wetu, shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Nauliza upande wa netiboli. Sheria ya miguu inamlazimu mchezaji atue na kusimama, hawezi kukimbia na mpira, na ule mguu wa kutulia akiunyanyua lazima mpira uwe umeondoka kabla haujarudi chini. Kwa hiyo breki zote zinafungwa na mguu mmoja. Mazoezi ya kulala chini yatamsaidia vipi huyo?

Fizio wa Magomeni

Marahaba mama. Swali lako linatupeleka hatua ya pili, wiki ya 3 mpaka ya 5, mazoezi ya kusimama. Kulala chini kunampa nguvu, ila nguvu hiyo haihamii yenyewe kwenye mguu uliobeba mwili. Lazima umsimamishe.

Kutembea kwa pembeni na raba. Raba ianze juu ya magoti. Kunja magoti nyuzi 30 hadi 45, makalio nyuma kidogo kama unataka kukaa. Piga hatua ya sentimita 30, hatua 10 kwenda na 10 kurudi, seti 3. Miguu isikaribiane kuliko upana wa nyonga. Ikikutana, raba inalegea na kazi imekwisha. Usiuburute mguu wa nyuma na usiyumbishe mabega. Wengi wanaitazama nyonga ya mguu unaotembea, kumbe mzigo mkubwa uko kwenye mguu unaobaki chini na kusukuma. Ukizoea, ishushe raba kwenye vifundo, na mwisho izungushe kwenye nyayo karibu na vidole. Ikiwa kwenye nyayo inalazimisha paja lizunguke nje, na makalio yanafanya kazi zaidi bila kuuongezea kazi ule msuli wa mbele. Ukisimama wima kabisa faida nyingi inapotea.

Kushusha kiuno kwenye ngazi. Simama ukingoni mwa ngazi ya sentimita 15 kwa mguu mmoja, goti limenyooka. Mguu mwingine uning'inie. Shusha kiuno upande unaoning'inia sentimita chache, kisha kipandishe kwa nguvu ya nyonga uliyosimamia. Goti lisikunjwe, hapo ndipo udanganyifu unapoingia. Seti 3 za 10. Shika ukuta kwa kidole kimoja, si kwa kiganja.

Kushuka ngazi kwa pembeni. Ngazi ya sentimita 15 kwanza, 20 baadaye. Kunja goti la mguu uliosimama, kisigino cha mwingine kiguse chini kama kinakanyaga yai, panda tena. Goti lifuate kidole cha pili cha mguu. Sekunde 3 kushuka. Seti 3 za 8.

Kuinama kwa mguu mmoja ukiwa na dumu la maji la lita 5, ambalo ni kilo 5. Lishike mkono wa upande wa pili na mguu uliosimama. Upande huo nyonga inafanya kazi zaidi. Goti limekunjwa kidogo tu, mgongo umenyooka, mguu wa nyuma unapanda kadiri kifua kinavyoshuka. Vidole vya mguu wa nyuma vitazame chini. Vikianza kutazama pembeni, kiuno kimefunguka na msuli umepumzika. Seti 3 za 8. Lifanye pekupeku ili unyayo nao ufanye kazi: kidole gumba, upande wa kidole kidogo na kisigino vyote vibaki chini.

Kwa mchezaji wa netiboli, ongezea hili mwishoni. Asimame mguu mmoja, goti nyuzi 30, umrushie mpira kushoto, kulia, juu na chini, mipira 10 kila mguu. Kiuno kikiyumba, pumzika. Usimlazimishe amalize 10 kwa mwili uliopinda.

Mama Netiboli

Nimekuelewa vizuri sana. Je, mzigo unaongezwa lini?

Nguvu na Pumzi

Akimaliza seti ya mwisho na unaona angeweza marudio mengine 3 au zaidi kwa mkao safi, vipindi viwili mfululizo, ongeza. Akiweza 1 au 2 zaidi, bakia hapo hapo. Akianza kupinda kabla ya kufika idadi, punguza. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati: ama uzito, ama kimo cha ngazi, ama marudio. Ukigeuza vitatu kwa pamoja, akiumia hujui kilichomuumiza.

Uchovu wa misuli kesho yake na keshokutwa ni wa kawaida. Maumivu ndani ya enka yenyewe, au uvimbe asubuhi inayofuata, maana yake umezidisha.

KochaMchangani

Raba za dukani zinakatika haraka, na za timu nzima zinagharimu. Kuna mbadala?

Kidongo Chekundu 7

Tyubu ya baiskeli, kocha. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote uombe zile zilizotoboka, anazo rundo. Kata sehemu ya vali uitupe, ioshe kwa sabuni itoke ule unga wa ndani, kata kipande cha sentimita 70 hadi 80, funga fundo bapa ncha mbili ili upate duara. Tyubu ya baiskeli ikiwa nzima inatosha kwa wengi. Kwa mchezaji mwepesi au anayeanza, ichane katikati kwa urefu upate mikanda miwili laini. Ya pikipiki ni nzito, waachie wenye nguvu. Vaa juu ya soksi au suruali maana inachubua ngozi na kung'oa malaika, na fundo likae nje ya paja, si katikati ya magoti. Kabla ya kila zoezi ivute uitazame kwenye mwanga. Ukiona vijinyufa, itupe; ikikatikia usoni ni balaa.

Nguvu na Pumzi

Hatua ya tatu, wiki ya 6 na kuendelea, ni kuruka. Usiingie hapa mpaka mchezaji ashuke ngazi ya sentimita 20 mara 8 kwa mkao safi kila mguu, na awe na uwezo wa kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 20 bila maumivu.

Anza kuruka pembeni kwa miguu miwili na kutua kwa miwili. Baadaye ruka kwa mguu mmoja, utue kwa mwingine, umbali wa sentimita 40, kisha 60. Ukitua, ganda sekunde 3. Kutua ndiko kunafundisha, kuruka ni nauli tu. Goti likunjwe, makalio yarudi nyuma, unyayo utue chini ya nyonga na si ndani ya mstari wa katikati. Seti 3 za 5 kila mguu. Kisha kuruka na kutua kwa mguu uleule, nje na ndani, juu ya mstari wa chaki. Jumla ya kutua kwa kipindi isizidi 60 mwanzoni.

Kwa wacheza kikapu wetu pale Kidongo Chekundu na Upanga: enka nyingi zinakwenda mtu akitua juu ya kiatu cha mwenzake chini ya goli. Hapo nyonga peke yake haikuokoi, ila mchezaji aliyezoea kutua na makalio nyuma na miguu kwa upana wa nyonga ana nafasi zaidi ya kuuhamisha uzito haraka. Mfundishe pia kutua akiwa amesukumwa bega kidogo angali hewani, msukumo mdogo, baada ya wiki ya 8.

KochaMchangani

Na kukimbia ufukweni Coco Beach? Wengi wanasema mchanga unaimarisha enka.

Fizio wa Magomeni

Mchanga mkavu na laini unaifanyisha enka kazi kubwa, lakini kwa mtu mwenye enka legevu ni hatua ya mwisho. Shida kubwa ni mteremko. Ukikimbia sambamba na maji, mguu wa upande wa bahari unatua kwenye ukingo wake wa nje hatua baada ya hatua, mkao uleule unaotegua. Nenda wakati maji yamekupwa, mchanga wa chini ukiwa mgumu na karibu tambarare. Kimbia dakika 5 kwenda na 5 kurudi ili miguu ibadilishane, usizidishe dakika 20 wiki za mwanzo. Kama enka ya kushoto ndiyo mbovu, tembea ule upande ambao bahari iko kushoto, kimbia ukirudi.

Kuhusu viwanja vya mchangani, pita na wachezaji kabla ya mechi mfukie mashimo. Dakika 10 za kutazama ardhi zinafaa kuliko tepu mbovu. Tepu yenyewe inalegea sana baada ya dakika 20 hadi 30 za mchezo na jasho, kwa hiyo kipindi cha pili funga upya. Sapoti ya kamba inakazwa tena kwa urahisi zaidi. Ivae kwenye mechi na mazoezi ya mpira, ivue kwenye mazoezi ya nyonga na ya kusimama mguu mmoja.

Tabibu Viungo

Naomba niweke tahadhari, maana uzi utasomwa na watu walioteguka jana. Mpango huu wote ni wa enka ya zamani. Enka mpya ikivimba, mtu akashindwa kutembea hatua 4, au akiumia ukibonyeza mfupa wa kifundo upande wa nyuma au kwenye ncha yake, ndani au nje, au shina la mfupa mrefu wa kidole kidogo, ukingo wa nje katikati ya unyayo, au mfupa wa ukingo wa ndani katikati ya unyayo, apigwe picha ya eksirei kwanza. Asipelekwe kuchuliwa wala kuvutwa mguu. Kuvuta enka iliyochanika ligamenti ni kuipanua zaidi, na kukanda maji ya moto siku ya kwanza na ya pili kunaongeza uvimbe.

Na kwa enka ya zamani: ikikwama katikati ya mwendo, ikivimba kila baada ya mazoezi, au ikiuma ndani sana mtu akichuchumaa, huenda kuna jeraha la gegedu, ule ufupa laini ndani ya kiungo. Huyo aende kliniki ya mifupa, mfano Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kabla ya kuruka popote. Aliyefanya mazoezi sahihi miezi 3 hadi 6 bila kukosa na bado enka inamwacha, naye akaonwe, kwa sababu ipo operesheni ya kurekebisha ligamenti.

Mama Netiboli

Asante daktari. Sasa naomba ratiba ya wiki kwa timu yenye mechi Jumamosi.

Fizio wa Magomeni

Jumatatu na Jumatano mazoezi kamili ya nyonga, dakika 30, baada ya mpira na si kabla. Ukimchosha nyonga kwanza halafu umwingize kukata kona, unamtengenezea hali ileile ya dakika ya 70. Alhamisi kipindi kifupi: raba seti 2, planki ya ubavu seti 2, bila ngazi wala dumu. Ijumaa hakuna kitu kizito. Jumamosi kabla ya mechi, raba hatua 10 kila upande mara moja, na kutua kwa mguu mmoja mara 3 kila upande, ya kuamsha tu.

Katika siku hizo tatu weka na kazi ya enka: kusukuma unyayo nje dhidi ya raba, seti 3 za 15, kwa ajili ya misuli ya peronea iliyo nje ya muundi, kuinuka kwa vidole kwa ajili ya vigimbi, seti 3 za 15, na kusimama mguu mmoja sekunde 30 mara 3, macho wazi kisha yamefungwa. Timu ambayo tayari inapasha moto kwa FIFA 11+ (mpango wa FIFA wa kupasha moto na kuzuia majeraha) ina sehemu ya kazi hii ndani yake, kwa kuwa sehemu ya pili ina kusimama mguu mmoja, planki na kuruka. Ifanyeni yote dakika zake 20, si kuruka kipande cha katikati kama ninavyoona viwanja vingi.

KochaMchangani

Wasiokuwa na enka mbovu nao wafanye?

Nguvu na Pumzi

Wafanye, kwa nusu ya seti. Na miguu yote miwili ifanye, hata ule mzima. Mguu mbovu uanze kwanza kila zoezi ukiwa haujachoka, na mguu mzima usizidi idadi ambayo ule mbovu umeweza.

Fizio wa Magomeni

Vipimo virudiwe mwisho wa wiki ya 4. Siku ileile ya wiki, kabla ya mazoezi, pekupeku, mtu yuleyule akishika tepu na mizani, mkanda sentimita zilezile juu ya kifundo. Wiki 4 za mwanzo namba ya mizani hupanda hata kama paja halijanenepa, kwa kuwa mishipa ya fahamu imejifunza kuuita msuli. Msuli wenyewe kukua kunataka wiki 6 hadi 8 au zaidi. Mstari wa mbele ukishuka chini ya tofauti ya sentimita 4, na kuruka mguu mmoja mara 3 mfululizo kwenda mbele kukifika asilimia 90 ya mguu mzima, mruhusu mechi kamili. Kabla ya hapo aingie dakika 20 za mwisho tu, akiwa na sapoti.

Aliyekwama kwenye zoezi lolote apige video mbili, moja kutoka mbele na moja kutoka nyuma, simu ikiwa kwenye kimo cha goti, aiweke hapa na aseme ni seti ya ngapi.